Nyongeza ya Wanza

Ujumbe wa kwanza wa pole uliingia kwenye simu ya Mulwa Alhamisi saa moja asubuhi, na kabla haujamaliza kutoa pole ulikuwa umeshauliza habari za rimu. "Pole sana bro, Mungu ako. Hizo rimu zilipona? Ni inchi ngapi?" Wanza aliusoma mara mbili akidhani ameruka mstari. Wa pili uliingia kabla hajaiweka simu chini: "Woi Mulwa, nimeshtuka. Turbo iko sawa?" Wa tatu haukuwa na pole kabisa. Uliuliza viti.

Hao ndio waliokuwa marafiki wa mume wake. Kila mwisho wa mwezi walikutana na magari yao ya Subaru yenye sauti ya kutisha kuku, wakapiga picha, wakaitana ndugu. Sasa ndugu yao ameingia rumande jana tu, na wao wanauliza inchi.

Lakini Wanza naye hakuwa na haki ya kukasirika sana. Tangu alfajiri alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya nyumba yao ya kupanga huko Katoloni, akiliangalia gari hilo la buluu lililopondeka pua na kujiuliza linaweza kuleta shilingi ngapi. Hakimu alikuwa amesema dhamana ni laki mbili na nusu taslimu, au mtu alete hati ya shamba. Shamba lipo Mwala, ekari sita za mawe na mbaazi, lakini hati bado ina jina la babu aliyekufa kabla Mulwa hajazaliwa. Kwa korti, shamba kama hilo ni sawa na hakuna.

Ajali ilitokea Jumapili. Mulwa alimpeleka mama yake, Kavindu, nyumbani Mwala baada ya kanisa, na akirudi peke yake, kwenye mteremko wenye kona, akagonga mkokoteni wa punda uliobeba mitungi ya maji. Punda alikufa papo hapo. Mwenye punda, Mzee Wathome, alikufa Jumanne hospitalini. Mulwa alitoka na nyuzi tano kidevuni na maneno mawili aliyomwambia kila aliyemkaribia: breki zilikataa.

Hakuna aliyemwamini, na kusema kweli, nani angemwamini? Kila dereva aliyeua mtu breki zake hukataa. Tena gari lenyewe lilikuwa limeshamshtaki kabla ya polisi kufika. Kwa miaka minne Mulwa, ambaye ni fundi wa mashine za kushona kwenye kiwanda kimoja cha nguo EPZ Athi River, alilijenga kipande kwa kipande: injini kubwa kuliko ile iliyokuja nalo, turbo, ekzosi pana ya kupigia kelele mtaa mzima, viti vyekundu vya mashindano. Mtu haweki vitu kama hivyo ili aende polepole. Hata Kavindu, mama aliyemzaa, aliwaambia majirani waziwazi: "Mimi mwenyewe nilimwambia apunguze mwendo. Nilimwambia."

Na Wanza pia hakumwamini. Hakulisema kwa mdomo. Alilikalia tu, kama alivyokuwa ameikalia ndoo.

*

Adhuhuri Kavindu, aliyekuwa akikaa nao tangu ajali, alirudi kutoka kwa familia ya Mzee Wathome. Alikuwa amekwenda na debe la maharagwe, mkate, na leso mpya ya mjane. Alirudi na debe lake, mkate wake na leso yake.

"Umerudi nazo, mwaitu?" Wanza aliuliza, akimwita mama kwa lugha yao.

"Nilisimamishwa kwa geti." Kavindu aliketi bila kufungua kilemba. "Kijana wao mkubwa akaniambia, mama, tunakuheshimu, lakini hiyo chakula haiwezi pita hapa. Watu walikuwa wanaangalia. Wanza, nimezeeka, sijawahi rudishwa na chakula kwa kichwa."

Wanza alimwekea chai. Simu ya Mulwa ikalia tena juu ya meza, ikitaka kujua kama taa za mbele zimevunjika zote au moja.

"Huyo ni nani?" Kavindu aliuliza.

"Ni watu wanataka gari."

"Ikiwa hivyo ilivyo?"

"Hiyo hiyo. Wanataka vipande."

Kavindu alinywa chai yake yote kabla ya kujibu. "Basi wauzie," alisema. "Iende yote. Hiyo kitu imeua mtu. Na usimwambie Mulwa, atalia kama mtoto. Wacha atoke kwanza, ndio ajue."

*

Ijumaa Wanza alikwenda rumande. Walizungumza kupitia kwenye wavu, pamoja na watu wengine kumi na watano waliokuwa wakipiga kelele kulia na kushoto. Kidevu cha Mulwa kilikuwa kimevimba. Alikuwa amekonda ndani ya siku mbili, jambo ambalo Wanza hakudhani linawezekana.

"Mutanu anaendelea aje?" aliuliza. Mutanu ni binti yao wa miaka minne.

"Ako sawa. Anauliza baba."

"Na gari? Iko salama?"

Wanza alisogeza uso karibu na wavu. "Mzee wa watu anazikwa kesho," alisema, "na wewe unauliza gari?"

"Wanza, nisikize. Nilikanyaga breki ikaenda mpaka chini. Ni kama kukanyaga matope. Nikarudia, hakuna kitu. Breki zenyewe Mwanzia aliniwekea wiki iliyopita tu, unakumbuka? Gari ikae vile iko. Usikubali mtu aiguse, tafadhali."

"Nimesikia."

"Unanisikia kweli?"

"Nimesema nimesikia, Mulwa. Hakuna mtu ameigusa."

Alimwitikia kama mtu anavyomwitikia mgonjwa mwenye homa. Ndani ya sidiria yake, wakati huo huo, zilikuwemo shilingi elfu tano za malipo ya kwanza ya rimu. Askari akapaza sauti kwamba muda umekwisha. Wanza alitoka nje akilia kwa hasira, akijiambia kwamba ameolewa na mwanamume ambaye hata akiwa ameua bado anaogopea chombo chake kukwaruzwa.

*

Jumamosi wanunuzi walianza kufika. Majirani walileta viti vyao wakae watazame, nao hawakuona haya.

Wa kwanza alikuwa msichana wa Syokimau aitwaye Wendy, kofia imegeuzwa nyuma, jinzi zimechanika magotini kwa bei ghali. Aliomba leso ya kulalia. Wanza, bila kufikiri, alimpa ile iliyorudishwa na familia ya marehemu, na Wendy akaitandika vumbini, akajilaza chini ya gari na kuanza kuongea na vyuma.

"Niaje huku chini... sawa, sawa. Mathe, hii rimu moja iko na mkwaruzo. Nitakupea forty kwa zote."

"Tulisema arobaini na tano kwa simu."

"Hiyo ni kabla nione mkwaruzo, mathe."

"Gari imepata ajali, mwanangu. Ulitaka mkwaruzo uende wapi?"

Majirani walicheka. Wendy naye alicheka, akatoa iliyobaki kwenye arobaini na tano. Wengine wa wale ndugu wa Subaru walichukua viti, usukani na ekzosi kwa elfu thelathini, na mmoja wao, kabla ya kuondoka, aliegemea gari lililopondeka akajipiga picha huku ameonyesha vidole viwili. Wanza aliyaona hayo yote. Akazikunja noti.

Jumapili alasiri alifika Mahmud, mwenye duka la spea mjini, mtu mzima wa maneno machache, na wafanyakazi wawili waliobeba mnyororo wa kuinulia injini. Alizunguka gari mara moja, akasimama.

"Dada, kabla sijagusa kitu. Ukaguzi umeshafanywa?"

"Umefanywa."

"Na nani?"

"Polisi. Siku ya ajali nilifika nikamkuta na futi, anapima kila mahali, anaandika kwa kitabu. Niliona na macho yangu."

Mahmud alimtazama kidogo. "Kama umefanywa, sawa. Mimi sitaki kesi na mtu." Alilipa laki moja na elfu arobaini kwa injini na giaboksi, akazihesabu mbele ya Kavindu, akasema pole kwa yaliyowapata, na hakuongeza swali. Ni yeye peke yake katika watu wote hao aliyetoa pole bila kuning'iniza kitu mwishoni mwake.

Gari lilibaki limekaa juu ya mawe manne, tupu, buluu. Pesa zilikuwa laki mbili na kumi na tano. Zilipungua elfu thelathini na tano, na hakuna aliyekuwa anataka kitu kingine. Breki zilikuwepo, kubwa, nyekundu, lakini aliyeziuliza alitaka kutoa elfu kumi na mbili tu.

*

Mwanzia alikuja Jumatatu jioni, jua bado lipo. Huyu hakuwa mnunuzi wa kwenye simu. Ni fundi wa Mulwa, rafiki yake tangu shule ya msingi, na ndiye aliyesimama kando yake siku ya harusi akiwa ameshika pete. Aliingia ameshika kofia mkononi, akaliona gari juu ya mawe, akaanza kulia. Alilia kweli, mabega yanatikisika, hata Kavindu akainuka kumshika mkono.

"Shem," alimwambia Wanza alipotulia, "mmebakisha ngapi?"

"Thelathini na tano. Na kesho ndio nataka kupeleka."

"Thelathini na tano." Mwanzia alijipangusa macho kwa kofia. "Basi nitachukua breki. Thelathini na tano."

"Shem! Mtu alisema kumi na mbili!"

"Huyo mtu si rafiki ya Mulwa."

Kavindu aliinua mikono yote miwili. "Ngai akubariki," alisema, na akamwombea pale pale, yeye na watoto wake na karakana yake, sala ndefu yenye majina ya mababu. Mwanzia aliinamisha kichwa mpaka ikaisha. Kisha akalala chini, akafungua breki mahali pa magurudumu yote manne, moja baada ya nyingine, haraka, bila kuongea. Alitoa diski, akatoa kalipa, yale makucha ya chuma yanayobana diski gari lisimame, akayapanga kwenye gunia.

Sasa, mtu asiyemjua Wanza hawezi kuelewa kilichofuata. Wanza anauza nafaka sokoni Machakos: maharagwe, pojo, kunde. Anapima kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, kama wengine wote, lakini akishapima huchota gao moja zima la mkono na kulimwagia juu bila kuombwa. Watu hupita meza tatu za wengine kwa ajili ya mkono huo. Kwake, biashara isiyo na nyongeza ni kama salamu isiyoitikiwa. Mwanzia alilijua hilo. Mke wake hununua maharagwe hapo.

"Na nyongeza, shem?" alisema akifunga gunia, karibu atabasamu. "Ama leo umenitupa?"

Wanza alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Jumapili ya ajali. "Nyongeza gani sasa? Unaona kuna kitu imebaki?"

"Hiyo mipira tu ya breki. Ni takataka, lakini nitapata kitu ya kufungia mizigo."

Ilikuwa minne, mirija ya kupitisha mafuta ya breki, imelala vumbini, urefu wa mkono hivi. Wanza mwenyewe aliiokota. Mmoja ulikuwa umetoka kwenye gurudumu la mbele la kushoto, umepasuka katikati, umefungua mdomo, unateleza kwa mafuta. Aliuona. Aliupangusa kwa leso yake ili usimchafue mgeni, akampa mipira yote kwa mikono miwili kama mtu anavyompa mtu anayemheshimu.

"Tuandikiane basi," Mwanzia alisema. "Siku hizi wanashika watu na spea." Alikuwa na daftari tayari. Wanza akaandika kwamba ameuza kwa hiari yake breki zote na mipira yake, akatia namba ya kitambulisho, akatia sahihi. Mwanzia akaenda zake na gunia begani, hata chai hakungoja.

*

Jumanne asubuhi Wanza alikuwa ameshavaa nguo za kwenda kortini, pesa zote ziko ndani ya mfuko wa unga aliouzungushia kitambaa, gari la serikali liliposimama nje. Alishuka mwanamke wa makamo, amevaa ovaroli safi, ameshika tochi na ubao wa kuandikia.

"Hamjambo. Mimi ni Peris Kamene, mkaguzi wa magari. Nimekuja kuona ile gari ya ajali ya Mwala."

Wanza alimfuata. "Lakini ilikaguliwa. Polisi alikuja na futi."

"Huyo alikuwa anachora ramani ya ajali, mama. Kupima barabara. Mimi ndio nakagua gari." Alikuwa ameshafika nyuma ya nyumba. Alisimama. Akaangalia gari juu ya mawe kwa muda, kama mtu aliyefika matangani akakuta nyumba tupu. "Nani alifungua hii?"

Wanza alisogeza mfuko wa unga nyuma ya mgongo.

"Hamkupewa karatasi mlipoichukua kituoni?"

Kavindu alikuwa ametokea mlangoni na Biblia yake. Ndiye aliyetumwa Jumatano kulifuata gari na lori la kulivuta, wakati Wanza yuko kortini, na ndiye aliyetia dole gumba. Aliifungua Biblia katikati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Hii? Nilijua ni risiti ya kuvuta gari. Ilisomwa haraka. Nikaiweka mahali haiwezi potea."

Peris aliisoma kwa sauti, pole pole, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. Gari hili lisiguswe wala kufunguliwa hadi likaguliwe. Kavindu alichukua karatasi yake, akaitazama juu, akaigeuza, akaitazama nyuma.

Mkaguzi alipiga magoti kwenye gurudumu la mbele la kushoto, ambalo halikuwepo, akamulika ndani. Halafu akamwita Wanza. "Njoo uone. Unaona rangi ilivyobabuka hapa? Mafuta ya breki yanakula rangi. Sasa fuata na kidole. Yanaenda wapi?"

"Nyuma," Wanza alisema. "Yanaenda nyuma."

"Mpaka chini ya mlango. Yangemwagika gari imesimama, yangeshuka chini tu. Haya yalirushwa na upepo. Hii gari ilikuwa inatembea wakati huo mpira ulipasuka." Alizima tochi. "Dereva alisema nini?"

Ni Kavindu aliyejibu, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Alisema breki zilikataa."

"Basi mpira uko wapi? Nione mpira, niandike."

Wanza aliitazama mikono yake. Alikumbuka ule mdomo wa mpira, na alivyoupangusa.

"Bila mpira siwezi kuandika ninachofikiri," Peris alisema. "Wakili wa upande ule atasema mafuta yalimwagika mkifungua gari wenyewe. Na hatakuwa amesema uongo, kwa sababu mlifungua. Nitaandika kwamba breki hazikuwepo. Pole, mama." Aliandika mistari miwili, akaondoka.

*

Karakana ya Mwanzia iko njiani kuelekea mjini. Wanza alifika bila kujua kama alipanda boda boda au alitembea. Mwanzia alikuwa ameinamia pikapu ya mtu, na alipomwona alinyooka taratibu. Hakuuliza ni nini.

"Shem, nataka mipira."

"Mipira gani?"

"Yenye nilikupa jana. Nirudishie. Breki kaa nazo, na pesa nitakurudishia."

"Nilichoma. Niliwashia moto wa kuchomelea. Nilikwambia ni takataka."

Wanza alifungua mfuko wa unga, akaweka pesa zote juu ya boneti ya pikapu, mafungu kwa mafungu, mbele ya mwenye pikapu. "Laki mbili na nusu. Chukua zote. Nipe mmoja tu, ule umepasuka."

Mwanzia alizitazama zile pesa. Hakuzigusa. Mwenye pikapu aligeuka kando akajifanya anaangalia tairi.

"Hata ungeleta milioni," Mwanzia alisema hatimaye. "Hakuna. Na tuliandikiana, Mama Mutanu. Uliuza kwa hiari yako."

"Ulikuja kwangu ukalia."

"Nililia kweli."

"Mwaitu akakuombea!"

"Wanza." Alishusha sauti. "Niko na watoto watatu shuleni. Ule mpira ulikuwa mzee, na mpya haungefika siku hiyo, na Mulwa alikuwa na haraka ya Jumapili. Nilijua utashika mwezi moja. Nikisema hivyo mbele ya watu, nani atanipatia gari nitengeneze tena? Na Mzee Wathome atafufuka?" Halafu, kana kwamba amejisikia alichosema, alichukua spana na kuanza kuipangusa, ingawa ilikuwa safi. "Mimi sijasema kitu. Wewe ni shahidi, hakuna kitu nimesema," alimwambia mwenye pikapu, na mwenye pikapu akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli, hakusikia lolote.

Wanza alizikusanya pesa. Noti moja ilianguka kwenye mafuta na akaiokota vilevile. Hata tusi halikumjia, naye ni mwanamke wa sokoni.

*

Dhamana ililipwa saa nane. Saa kumi kasorobo Mulwa alitoka kwa mlango wa nyuma wa mahakama, ameshika mfuko wa nguo zake, na alipomwona mkewe alitabasamu mpaka nyuzi za kidevu zikavutika. Hakuuliza pesa zimetoka wapi. Alikuwa amejua, au labda alikuwa amechoka kuuliza.

Wanza aliamua njiani kwamba atasema kabla hawajaondoka hapo. Kama angengoja wafike nyumbani, gari lingemwambia Mulwa kabla yake.

"Niliuza gari."

"Yote?"

"Yote. Na breki. Breki alichukua Mwanzia, na mipira nikampa bure, kwa mkono wangu. Ameichoma." Alimweleza mengine bila kupumua: mkaguzi, karatasi ya mwaitu, mafuta yaliyorudi nyuma hadi chini ya mlango, spana iliyopanguswa. "Mulwa, ulikuwa unasema ukweli."

"Mimi najua nilikuwa nasema ukweli."

"Nitasema kortini. Nitasimama niwaambie niliushika, niliona umepasuka."

"Watasema bibi anatetea bwana." Alisema bila hasira, kama mtu anayemsomea mwenzake bei iliyoandikwa ukutani. Tabasamu lilikuwa limekwisha, lakini hakuwa amepandisha sauti. "Ijumaa, pale kwa wavu. Ulisema umesikia."

Wanza angeweza kusema lolote. Angeweza kumtaja Kavindu, au dhamana, au askari aliyewakatiza. "Sikukuamini," alisema.

Watu walikuwa wakipita kati yao na ngazi za mahakama, mawakili na jamaa za wafungwa, wakiomba njia. Mulwa aliwapisha. Alisubiri mpaka wakapita.

"Mle ndani tulikuwa wanaume arobaini," alisema. "Walinicheka usiku na mchana. Ati breki! Kila nikisema, wanaimba breki, breki. Na mimi sikujali, Wanza. Niliwaambia chekeni tu, mimi niko na mashahidi wawili. Gari iko nyumbani haijaguswa, na bibi yangu anajua siwezi kumdanganya kitu kama hiyo."

Wanza alianza kulia. Alinyoosha mkono ampokee mfuko wa nguo, kama mke anavyompokea mume anayetoka mbali. Mulwa aliutazama mkono huo. Kisha akauhamisha mfuko, akaushika kwa mkono wa upande mwingine, akatangulia kushuka ngazi.